Biblia, daftari na jembe: Mzazi, unaijua siku ya mwanao shuleni?

Kabla ya saa 12:00 asubuhi, barabara za Dunda mjini Bagamoyo huanza kujaa sare za shule. Wapo watoto wanaotembea kwa miguu, wapo wanaopakiwa wawili watatu juu ya bodaboda, na wapo wanaosimama kando ya barabara na mabegi makubwa kuliko migongo yao wakisubiri gari la shule. Jioni baadhi ya watoto hao hao utawaona wamevaa kanzu na ushungi, juzuu mkononi, wakienda chuoni kusoma Kurani. Wengine watakuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya.

Baadhi yao husoma katika shule ndogo za Kikristo, zile ambazo siku huanza kwa wimbo na sala, zikafuata hesabu na Kiingereza, kisha sala tena kabla ya kwenda nyumbani au bwenini. Wazazi wanaozichagua hawana sababu moja. Ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ya kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, lakini bado kuna mama anayeuza samaki na baba anayeendesha bajaji wanaojibana kulipa. Wanataka darasa lenye watoto wachache. Wanataka mwalimu anayemjua mtoto kwa jina. Wanataka nidhamu, na wengi wanataka mtoto akue akimjua Mungu. Hata wazazi Waislamu wamo, na mjini Bagamoyo si ajabu hata kidogo.

Mtoto akikubaliwa, mzazi hupewa fomu ya kujiunga. Kwa shule ya bweni orodha yake inajulikana: godoro, shuka mbili, chandarua, ndoo, rimu ya karatasi, Biblia, kitabu cha nyimbo, na mara nyingi jembe, kwanja au fagio la chelewa. Kuna namba ya akaunti ya benki na sheria za shule. Kinachokosekana katika fomu nyingi ni karatasi moja tu: ratiba ya saa 24.

Wazazi huuliza matokeo ya mtihani wa taifa na kiasi cha ada. Wachache huuliza mtoto anaamshwa saa ngapi, analala saa ngapi, anakula nini saa ngapi, na katikati ya sala, masomo na kazi za mikono anapata wapi muda wa kucheza. Kwa afya ya mtoto, karatasi hiyo ina uzito kuliko rangi ya sare.

Kengele ya Misheni

Bagamoyo ina historia ndefu na jambo hili kuliko miji mingi ya Tanzania. Ukitoka Mji Mkongwe ukielekea kaskazini, njia yenye miembe mikubwa inakufikisha Misheni. Hapo ndipo mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, Antoine Horner na Etienne Baur, walipoanzisha makazi Machi 1868 wakitokea Zanzibar. Mbuyu uliopandwa mwaka huo bado umesimama. Waongoza watalii watakuonyesha kipande cha mnyororo kilichomezwa na shina lake, wakisimulia kuwa Bibi Chevalier, Mfaransa aliyehudumia wagonjwa wa Misheni, alikuwa akimfunga punda wake hapo.

Wanafunzi wa kwanza hawakuletwa na wazazi. Walikuwa watoto walionunuliwa katika soko la watumwa la Zanzibar kwa michango iliyotoka Ulaya, na soko hilo lilipofungwa mwaka 1873, wakaja watoto waliookolewa na meli za kivita za Waingereza kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Wavulana walikuwa chini ya mapadri na mabruda, wasichana chini ya masista Mabinti wa Maria kutoka kisiwa cha Reunion. Walisoma, walisali, walilima, na walijifunza useremala, uashi na ushonaji. Walipokua walioana na kuhamia kijiji cha watu huru kilichokuwa pale pale kwenye ardhi ya Misheni.

Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyepita Bagamoyo mwaka 1871 akienda kumtafuta David Livingstone, aliandika kuwa aliwakuta pale wanafunzi zaidi ya 200. Baada ya kulishwa vizuri mezani kwa mapadri alipigiwa muziki wa Kifaransa na vijana wenye matarumbeta, jambo lililomshangaza sana.

Kulikuwa na mengine ambayo mgeni wa siku moja hakuyaona. Kengele ndiyo iliyoamua kila kitu, kuanzia kuamka, misa, darasa na shamba hadi chakula na kulala. Mwanahistoria Paul Kollman, aliyechambua kumbukumbu za wamisionari hao katika kitabu kilichotoka mwaka 2005, anaonyesha kuwa mtindo huo ulifanana na ule wa vituo vya Ufaransa vya kurekebisha vijana, ambako jembe lilihesabiwa kuwa sehemu ya malezi. Wapo waliokua hapo wakawa mafundi na walimu wa dini, na baadhi ya wanandoa wa kijiji kile walikwenda bara kuanzisha vituo vipya kama Mhonda mwaka 1877. Wapo pia waliotoroka.

Afya ilikuwa vita ya kila siku. Kipindupindu kilipita Zanzibar na mwambao mwaka 1869 na 1870. Aprili 1872 kimbunga kikubwa kikabomoa majengo mengi ya Misheni. Homa haikuchagua, ndiyo maana makaburi ya pale yana mapadri, mabruda na masista wengi waliokufa wakiwa bado vijana.

Watoto wale hawakuwa na mtu wa nje wa kuuliza juu yao. Aliyewalisha ndiye aliyewafundisha, ndiye aliyewaadhibu, ndiye aliyewaombea. Alipokuwa mwema walipata bahati. Alipokosea, hapakuwa na mama wa kuja Jumapili na kusema, "Mwanangu mbona amekonda?"

Dini na kitabu havikuanza na padri

Ingekuwa kosa kudhani kwamba kuchanganya elimu na dini ni jambo lililoletwa na wamisionari. Chuo cha Kurani kilikuwapo Bagamoyo kabla yao, na mtoto alijifunza herufi, adabu na ibada kwa mwalimu mmoja, kwenye mkeka mmoja.

Mfano mkubwa ni Sheikh Yahya bin Abdallah, anayejulikana zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Alizaliwa upande wa Manyema, Kongo ya mashariki, akaletwa Bagamoyo akiwa mtoto mtumwa. Alisoma, akawa huru, akawa mwalimu na kiongozi mkubwa wa tarika ya Kadiria katika mji huo huo aliouingia bila hiari yake. Kwa hiyo mji mmoja uliwapokea watoto waliopotezwa na utumwa kwa njia mbili, kengele na mkeka, na pande zote mbili walitoka watu wa maana.

Mwaka 1969, chini ya Sheria ya Elimu, serikali ilitaifisha shule nyingi za mashirika ya dini, huku seminari zikibaki mikononi mwa makanisa. Shule binafsi, nyingi zikiwa za makanisa, zilichipuka tena kwa wingi kuanzia miaka ya 1990. Ndipo tulipo leo.

Hesabu ya usingizi

Wataalamu wa usingizi wanasema mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 katika saa 24. Wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Wa chekechea, miaka 3 hadi 5, anahitaji saa 10 hadi 13 pamoja na usingizi wa mchana.

Sasa chukua kalamu. Mtoto wa darasa la sita anayezimiwa taa saa 4:00 usiku baada ya kujisomea na sala ya jioni, kisha akaamshwa saa 10:30 alfajiri kufagia, kuoga na kuwahi ibada, amelala saa sita na nusu. Amepungukiwa saa mbili na nusu kwa kiwango cha chini kabisa. Kwa usiku tano, deni lake ni saa 12 na nusu, yaani zaidi ya usiku mzima ambao mtoto hakulala. Halafu anasinzia kwenye hesabu, anaadhibiwa kwa uvivu, na mzazi anaambiwa mwanao hana bidii.

Usingizi mdogo huondoa umakini, hudhoofisha kumbukumbu na humfanya mtoto awe mkali au mnyonge. Mwili wake nao hupambana na magonjwa kwa shida zaidi. Sala ya asubuhi haina kosa hapa. Ibada ya dakika 20 saa 1:00 asubuhi humtuliza mtoto na kumwanzishia siku vizuri. Tatizo linakuja pale shule inapotaka kila kitu, ibada ndefu, masomo ya ziada, kwaya na usafi, halafu muda wote ukakatwa kwenye usingizi kwa sababu usingizi haulalamiki.

Watoto wa kutwa nao wana hesabu yao. Anayepanda gari la shule saa 11:30 alfajiri, akarudi saa 10:00 jioni, akaenda chuoni au kwenye tuisheni hadi Magharibi, kisha akakalia kazi za nyumbani hadi saa 3:30 usiku, naye anaishi kwa deni. Hapo shule peke yake haiwezi kulaumiwa. Mzazi ndiye mwenye ratiba ya pili.

Kuhusu walio wadogo kabisa, serikali ilishasema. Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali. Shule ikikuambia mtoto wa darasa la pili anaweza kulala hapo kwa sababu "tuna masista wazuri", omba uonyeshwe kibali hicho. Sista mzuri hawezi kuwa mama wa watoto 40 kila usiku.

Jembe lile kwenye fomu

Kazi ya mikono ina heshima yake Tanzania, na tangu Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 hakuna anayeshangaa kumwona mwanafunzi na jembe. Mtoto anayejua kupanda mchicha na kufua soksi zake amepata elimu. Cha kuuliza ni kiasi: saa ngapi kwa siku, jua likiwa wapi, na mazao yanaliwa na nani. Bustani inayoingia kwenye sahani ya watoto ni jambo la kusifiwa. Kubeba ndoo za maji za jengo jipya la ibada ni habari nyingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kupumzika na inakataza kazi inayodhuru afya au masomo yake.

Mwanao ni wa imani nyingine?

Mzazi Mwislamu anayempeleka mtoto shule ya Kikristo, au Mkatoliki anayempeleka shule ya kilokole, aulize kabla ya kulipa. Je, ibada ni lazima kwa wote? Asiyeshiriki anakaa wapi, na nani anabaki naye? Msichana ataruhusiwa kuvaa hijabu? Mwezi wa Ramadhani daku na futari vinapatikana? Ijumaa je?

Majibu yasikusumbue kuliko ukimya. Shule inayosema wazi "hapa wote wanasali pamoja" imekuheshimu, na uamuzi ni wako. Matatizo huanza pale mtoto anapogundua mwenyewe, mbele ya wenzake, kwamba dini ya nyumbani kwao inasemwa vibaya kwenye mahubiri. Mtoto wa miaka tisa hawezi kubeba ugomvi huo peke yake. Ataanza kuumwa tumbo kila Jumapili jioni, na kipimo cha hospitali hakitaonyesha kitu.

Homa, dawa na maombi

Sehemu hii inahitaji mzazi asimame imara. Mtoto mwenye selimundu, pumu, kisukari au kifafa anaweza kusoma shule yoyote, mradi shule inajua na inakubali. Mwandikie mkuu wa shule barua yenye jina la ugonjwa, dawa, saa za kuitumia, dalili za hatari na hospitali anakotibiwa. Baki na nakala. Usimwachie mtoto aeleze.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu duniani. Mtoto huyu anatakiwa kunywa maji mara kwa mara, asipigwe na baridi wala asichoshwe kupita kiasi. Kwake, mfungo wa kutokula na kunywa siku nzima, hata ukiitwa wa hiari, unaweza kumwingiza kwenye maumivu makali na kumlaza wodini. Mwenye kisukari naye hatakiwi kukaa bila chakula pasipo ushauri wa daktari. Kwaresima au wiki ya maombi ikikaribia, piga simu shuleni.

Kifafa kinastahili mstari wake. Mtoto akianguka na kutetemeka, alazwe kwa ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu naye, asiwekewe kitu mdomoni, na degedege likizidi dakika tano apelekwe hospitali. Wapo bado wanaoona pepo na kukusanya waombaji kwanza. Kumwombea mgonjwa hakuna ubaya, lakini maombi yafanyike garini, gari likiwa linakwenda. Ni hivyo hivyo kwa homa. Bagamoyo ni mji ambao watoto wake walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S kupitia Taasisi ya Afya Ifakara, kwa hiyo hakuna kisingizio cha homa ya mtoto kukaa usiku mzima bila kipimo.

Uliza pia kama shule huruhusu wahudumu wa afya kutoa chanjo na dawa za minyoo na kichocho. Chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, ilianza kutolewa nchini kwa wasichana mwaka 2018, na wengi huipatia shuleni.

Mlango wa bweni

Ukipelekwa kukagua bweni, usiangalie vitanda tu. Angalia nondo za madirisha. Juni 1994 moto wa bweni katika sekondari ya Shauritanga, Kilimanjaro, uliua wasichana zaidi ya 40. Septemba 2024 huko Kenya, wavulana 21 wa shule ya msingi Hillside Endarasha walikufa kwa moto wa bweni usiku. Uliza ufunguo wa mlango unakaa kwa nani usiku, na kama kuna mlango wa pili. Jibu likichelewa, umeshajibiwa.

Udogo wa shule una faida yake hapa. Mwalimu akiona kitanda kitupu anajua ni cha nani, na mpishi anajua nani hali maharage. Wazazi wengi hawajutii ada yao kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini udogo una upande wa pili. Katika shule kubwa mtoto akionewa na mwalimu anaweza kumwendea mwalimu mwingine. Katika shule ndogo ya kanisa, mwalimu anaweza kuwa pia mchungaji, mmiliki, na shemeji wa matroni. Mtoto amefundishwa kwamba mtumishi wa Mungu hasemwi. Amwambie nani?

Mzazi amjibie swali hilo kabla hajaondoka nyumbani. Amwambie waziwazi kwamba hakuna mtu mzima, awe padri, sista, mchungaji au ustadhi, anayeruhusiwa kumgusa sehemu za siri au kumwambia atunze siri ambayo mama haijui. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116 na haina malipo. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kuhusu viboko, utaratibu wa Wizara ya Elimu ni visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu maalumu. Mzazi anaweza kuomba kukiona kitabu hicho.

Shule nzuri hazikasirishwi na maswali haya. Nyingine zitafurahi, maana mzazi anayeuliza ratiba ndiye atakayekuja kwenye kikao na kuchangia tanki la maji.

Siku ya kutembelea watoto mara nyingi huwa Jumapili baada ya ibada. Wazazi hufika na wali kuku, soda na matunda, na watoto hula bila kusema. Mwache amalize kwanza. Halafu, mkiwa wawili chini ya mti, usianze na nafasi aliyoshika darasani. Muulize jana alilala saa ngapi, na leo ameamshwa saa ngapi.